Swali la Sigara

Mgonjwa wa saratani akiulizwa na daktari, "Unavuta sigara?" naye akajibu, "Sivuti", huenda amesema kweli tupu na bado jambo zito likabaki gizani. Mimi mwalimu wa isimu nakilaumu kiambishi "-na-": huuliza ya leo, ya jana kikayaacha.

Bleomisini, dawa ya saratani ya Hodgkin na ya korodani, yaweza kuyadhuru mapafu, na historia ya uvutaji huhesabiwa miongoni mwa mambo yanayoizidisha hatari hiyo. Irinotekani, itumiwayo kwa saratani ya utumbo mpana, ina kisa cha ajabu. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa wavutaji hawapungukiwi sana na chembe nyeupe za damu kama wasiovuta. Mvutaji asishangilie! Damuni mwake dawa yenyewe ilikuwa pungufu, kwa kuwa mwili uliiondoa upesi. Saratani nayo huenda ikapata ahueni.

Kwa hiyo ningependa daktari aulize pia, "Umewahi kuvuta? Kwa miaka mingapi? Uliacha lini?" Naye mgonjwa ajibu bila haya, maana hakushtakiwa.