Moto wa Rweya na Mabadiliko ya Tabianchi katika Bukoba na Muleba

Istilahi "moto wa msituni" huficha mengi. Mwaka 2023 zaidi ya hekta milioni 15 ziliteketea nchini Kanada, sehemu kubwa kwa moto uliowashwa na radi. Katika Bukoba na Muleba kinachoungua hasa ni rweya, yaani mbuga ya nyasi inayozunguka vibanja vya migomba na kahawa, na mwashaji ni binadamu: mfugaji atakaye majani mabichi, au mkulima aandaaye omusiri wa njugumawe.

Hapa, basi, ongezeko la joto duniani haliwashi moto. Hukausha kile kitakachoungua. Kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi inapoongezeka, uwezo wa hewa kubeba mvuke hukua kwa takriban asilimia 7, nayo hunyonya unyevu wa nyasi upesi zaidi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikirefuka, uchomaji uliodhaniwa salama huweza kuponyoka na kuingia katika misonobari iliyopandwa rweyani. Kumlaumu mchomaji peke yake, kama ifanywavyo mara nyingi, ni kusahau kwamba kalenda aliyorithi ilitegemea majira ya mvua yanayotabirika. Nyasi ziteketeazo, aghalabu, ndizo Wahaya wazikatazo kutandazia migomba. Zikikosekana, udongo wa kibanja hubaki uchi.