Upimaji, Ukaguzi na Uthibitisho: Istilahi za Ufikivu wa Tovuti

Maneno kupima, kukagua na kuthibitisha hutumiwa katika mazungumzo ya kila siku kana kwamba yana maana moja, na mazoea hayo hayana madhara makubwa. Lakini katika uwanja wa ufikivu wa tovuti, kuyachanganya maneno haya kunaweza kumnyima raia haki yake. Makala haya yanakusudia kueleza dhana zinazohusika, namna mashine inavyopima tovuti, na sababu inayotulazimu kuyatenga maneno hayo yawe istilahi tatu mbalimbali.

Dhana ya Ufikivu

Ufikivu ni ile sifa ya tovuti inayomwezesha kila mtu kuitumia mwenyewe, akiwamo asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kutumia mikono. Wapo wanaopendelea neno ufikiaji. Hata hivyo, ufikiaji ni tendo la yule anayefikia, ilhali tunalotaka kulitaja hapa ni sifa ya kile kinachofikiwa. Umbo la ufikivu lina mfano wake katika lugha. Kutokana na kusikia tunapata usikivu. Na ingawa msikivu ni mtu asikiaye, watu wa redio husema usikivu wa kituo kwa maana ya jinsi kituo hicho kinavyosikika katika eneo fulani. Vivyo hivyo, ufikivu wa tovuti ni jinsi tovuti hiyo inavyofikika.

Jambo hili si hisani. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, inazitaka nchi wanachama zihakikishe kuwa watu wenye ulemavu wanafikia habari na mawasiliano kwa usawa na wengine. Vigezo vya kitaalamu hutolewa na W3C, chombo cha kimataifa cha viwango vya wavuti. Mwongozo wake wa kwanza wa ufikivu ulitoka mwaka 1999. Toleo la 2.2, lililotoka mwaka 2023, lina vigezo 86 vilivyogawanywa katika ngazi tatu.

Kazi ya Kipima

Kipima ni programu ya kompyuta inayochunguza ukurasa wa tovuti pasipo mtu kuusoma. Kila ukurasa huandikwa kwa lugha ya alama iitwayo HTML, ambayo mtazamaji haioni lakini mashine huisoma. Kipima hupitia alama hizo moja baada ya nyingine na kuzilinganisha na kanuni kilizopewa. Je, picha hii imeambatishwa maandishi mbadala, ambayo kisoma-skrini kitamsomea asiyeona kwa sauti? Je, kisanduku hiki cha fomu kina lebo? Je, mwangaza wa rangi ya maandishi na ule wa rangi ya usuli unatofautiana vya kutosha? Katika ngazi ya kati, uwiano wa maandishi ya ukubwa wa kawaida haupaswi kupungua 4.5 kwa 1.

Maswali ya namna hii hujibiwa kwa kuhesabu na kulinganisha, na katika kazi hiyo mashine humshinda binadamu kwa mbali. Kipima kilichojulikana sana zamani, Bobby, kilitolewa Marekani mwaka 1996 na asasi ya CAST. Mnamo Februari 2019 asasi ya WebAIM, ya huko huko Marekani, ilipima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja na kukuta makosa katika asilimia 97.8 ya kurasa hizo. Hakuna jopo la wakaguzi ambalo lingeweza kuifanya kazi hiyo kwa mikono.

Mipaka ya Kipima

Pamoja na uwezo huo, kipima huona kuwapo kwa kitu. Hakioni maana yake. Tuchukue ramani inayoonyesha njia ya kwenda hospitali, ambayo maandishi yake mbadala ni neno moja tu, "picha". Kanuni inayouliza kama maandishi yapo itatimizwa, na asiyeona hatajua njia.

Mfano wa pili unatugusa sisi watumiaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mwongozo unadai kwamba kila ukurasa utaje lugha yake kwa msimbo unaotambulika. Msimbo wa Kiswahili ni "sw" na wa Kiingereza ni "en". Mara nyingine mtengenezaji huchukua kiolezo cha Kiingereza, akaweka matini ya Kiswahili, na msimbo "en" ukabaki pale pale. Kwa kawaida kipima huuliza tu kama msimbo upo na kama ni halali; kwa kuwa "en" ni msimbo halali, ukurasa hufaulu. Lakini kisoma-skrini kitatii msimbo huo na kuyatamka maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza. Pale na wake yatatamkwa kama maneno ya Kiingereza yenye maana nyingine kabisa, na mji wa Same utapoteza jina lake. Msikilizaji atapata mfululizo wa sauti zisizoeleweka, ilhali ripoti inasema hakuna kosa.

Mwaka 2017 kitengo cha huduma za kidijitali cha Serikali ya Uingereza kiliutengeneza kwa makusudi ukurasa wenye makosa zaidi ya 140, kisha kikavijaribu vipima kadhaa juu yake. Hata kile kilichofanya vizuri kuliko vingine kiligundua yapata asilimia 40 tu ya makosa hayo.

Istilahi Zinazopendekezwa

Kutokana na hayo, tunapendekeza upimaji uwe kazi ya mashine. Upimaji unaoendeshwa na programu pekee uitwe upimaji wa kiotomatiki. Ukaguzi uwe kazi ya binadamu mwenye ujuzi, ambaye huusoma ukurasa, huutumia kwa kibodi na kwa kisoma-skrini, na kuamua kama maandishi mbadala yana maana. Uthibitisho uwe tamko linalotolewa baada ya hatua hizo mbili, kwamba tovuti inakidhi vigezo vyote vya ngazi iliyotajwa.

Mgawanyo huu haukubuniwa na wanaistilahi. Uamuzi wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2018, unaotekeleza Agizo la mwaka 2016 kuhusu tovuti za taasisi za umma, unatenga ufuatiliaji mwepesi, ambao kazi yake ni kubaini mapungufu, na ufuatiliaji wa kina, ambao huhakiki kama masharti yote yametimizwa. Kuona kosa na kuhakikisha kwamba kosa halipo ni mambo mawili, na sheria hiyo imeyapa majina mawili.

Kwa hiyo ripoti ya kipima isiandikwe "tovuti imethibitishwa", bali "upimaji wa kiotomatiki haukubaini kosa". Tofauti hii si ya urembo wa lugha. Kijana asiyeona anayeshindwa kujaza fomu ya maombi ya chuo ana haki ya kulalamika. Iwapo ofisi ina karatasi isemayo tovuti imethibitishwa, lalamiko lake litaonekana kuwa kosa lake mwenyewe. Iwapo karatasi inasema tu kwamba mashine haikubaini kosa, lalamiko hilo litapokewa kama ushahidi wa jambo ambalo mashine haikuliona, na mkaguzi atatumwa kulichunguza. Wafasiri wa mikataba na waandishi wa ripoti wanaombwa kuizingatia tofauti hii, kwani wao ndio wanaochagua neno litakaloandikwa kwenye karatasi hiyo.