Je, Wajua? Shaba Juu ya Nyumba

Kutoka Embu mjini hadi Meru, ukipitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, nyumba nyingi zimeezekwa mabati. Ukiwaza kuezeka vigae vya shaba, yasome haya kabla hujamwita fundi.

Je, wajua mkulima wa kahawa ni mwenyeji wa shaba? Dawa nyingi za kuzuia kutu ya majani zina shaba ndani yake. Ukali uo huo huzuia kuvumwani kuota juu ya paa, hata upande usiopata jua.

Je, wajua kigae cha shaba hubadilika rangi? Huanza chekundu, kikawa kahawia, kisha kijani. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ilichukua takriban miongo miwili kugeuka kijani. Utando huo wa kijani ndio ngao ya shaba, kwa hiyo usiusugue.

Je, wajua shaba na bati haviivi chungu kimoja? Maji yaliyopita juu ya shaba yakiangukia gata la bati, hula zinki yake na kutu ikaingia. Misumari nayo iwe ya shaba au ya chuma cha pua. Hata ile sanamu, mifupa yake ya chuma ililiwa ilipogusana na shaba, ikabidi ibadilishwe miaka ya 1980.

Je, wajua shaba si mzigo kwa kenchi? Bamba la milimita 0.5 lina uzito wa kilo 4.5 hivi kwa mita ya mraba. Vigae vya udongo mara nyingi hupita kilo 40.

Je, wajua namba ya geji husomwa kinyume? Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Dukani, namba ndogo ndiyo bati nene.

Je, wajua milimita 10 za mvua juu ya paa la mita 100 za mraba ni lita 1,000, kabla ya yanayopotea? Kule Mbeere kwenye mvua haba, hiyo ni neema. Lakini maji ya mvua huwa na asidi kidogo na huyeyusha shaba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Yapime kwanza.

Je, wajua wezi nao huipenda shaba? Januari 2022, baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda.

Je, wajua si lazima uezeke nyumba nzima? Vigae vya chuma vyenye chembe za mawe huuzwa kwa rangi ya kahawia na kijani kama ya shaba; viezeke kwingine. Shaba iezeke kibarazani tu, mradi maji yake yasimwagikie bati wala kuingia tangi la kunywa.