Msumeno wa Injini Ukigoma Kuwaka

Mkaratusi mkavu umeinamia paa la nyumba, na masika yanakaribia. Mwenye nyumba amemwendea jirani yake akaazima msumeno mdogo wa injini ili auangushe mti huo kabla upepo haujauangusha wenyewe. Avuta kamba mara kumi, mara ishirini. Jasho lamtiririka, kiganja chachubuka, na mashine iko kimya kama jiwe. Jioni mwenye mashine aja kuchukua mali yake. "Ndugu yangu," asema, "nilikupa kitu kizima." Naye aliyeazima ajibu kwamba hakikuwaka hata mara moja. Hivyo ndivyo ujirani wa miaka mingi unavyoweza kuingia ufa kwa ajili ya kijiko cha petroli mbovu.

Mambo ya namna hii hutokea mara nyingi, na mara nyingi mashine haina ugonjwa wowote mkubwa. Msumeno huu si kitu cha ajabu. Mjerumani Andreas Stihl aliunda msumeno wake wa kwanza wa mnyororo, uliotumia umeme, mwaka 1926, na wa petroli mwaka 1929. Misumeno ile ya zamani ilikuwa mizito mno, hata ikahitaji watu wawili kuichukua. Leo mtu mmoja hubeba msumeno mdogo kwa mkono mmoja, lakini mahitaji ya injini yake hayakubadilika. Ataka petroli safi, cheche yenye nguvu, hewa ya kutosha, na mgandamizo ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana, injini haiwaki. Basi atafutaye kosa na avikague vitu hivi kimoja kimoja kwa utaratibu, wala asifungue kila skrubu anayoiona.

KABLA YA KUVUTA KAMBA

Kwanza yafaa kutazama mambo madogo, maana ndiyo yanayosahauliwa. Je, swichi imewekwa mahali pa kuwashia? Je, tangi lina mafuta? Je, choki imefungwa, ikiwa injini ni baridi?

Msumeno uwekwe chini mahali tambarare, breki ya mnyororo ikiwa imefungwa. Mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele kwa nguvu, mguu wa kulia ukanyage ndani ya mpini wa nyuma, na mkono wa kulia uvute kamba. Wapo wanaopenda kuuning'iniza msumeno mkononi na kuusukuma chini huku wakivuta kamba. Desturi hiyo ni ya hatari kubwa, kwani injini ikishika ghafula mnyororo huweza kupita pajani. Watoto nao wasiruhusiwe kusimama karibu.

Kamba ivutwe polepole mpaka ikaze, ndipo ivutwe kwa nguvu, bila kuifikisha mwisho wake. Injini baridi huvutwa choki ikiwa imefungwa mpaka itoe mlio mmoja mfupi kama wa kukohoa. Hapo choki ifunguliwe nusu, au kama mtengenezaji alivyoagiza, kisha kamba ivutwe tena. Asiyeusikia mlio huo akaendelea kuvuta huku choki imefungwa, huijaza injini petroli na kuizamisha.

INJINI ILIYOZAMA

Harufu kali ya petroli na plagi iliyolowa ni dalili za injini iliyozama. Dawa yake ni rahisi. Swichi izimwe, plagi ifunguliwe na kukaushwa kwa kitambaa safi, choki ifunguliwe kabisa, kisha kamba ivutwe mara kumi hadi kumi na tano ili petroli iliyozidi itoke kwa tundu la plagi. Uso usielekezwe kwenye tundu hilo, wala pasiwe na sigara, jiko wala taa ya moto karibu. Mashine iachwe ipate hewa kwa muda, plagi irudishwe, na injini iwashwe choki ikiwa wazi.

PETROLI NDIYO MSHITAKIWA WA KWANZA

Injini ya msumeno huu ni ya mipigo miwili. Haina mahali pake pa kuweka oili kama ilivyo injini ya motokaa. Oili yake huchanganywa na petroli. Misumeno mingi ya kisasa hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita, au mililita 100 kwa lita 5. Mingine ya zamani hutaka sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita. Kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa, si oili ya motokaa. Oili ikizidi, plagi huchafuka na injini hujaa moshi. Ikipungua, pistoni na silinda hukwaruzana na kuharibika, na hasara hiyo hukaribia bei ya mashine mpya.

Mchanganyiko ukikaa zaidi ya mwezi huanza kupoteza nguvu. Ukikaa msimu mzima, huacha utando unaonata katika vijitundu vya kabureta. Basi mafuta yaliyolala yamwagwe katika chombo salama, si katika mtaro wala karibu na kisima, na tangi litiwe mapya.

Ndani ya tangi limo chujio dogo mwishoni mwa mpira. Huvutwa nje kwa waya uliopindwa kama ndoana. Likiwa jeusi au limeziba, libadilishwe. Na mpira ukiwa umepasuka, nao ubadilishwe. Ikiwa msumeno huwaka kisha huzimika baada ya muda mfupi, kifuniko cha tangi kilegezwe, injini ikiwa imepoa. Ikisikika hewa ikiingia kwa kishindo, tundu la kupumulia la tangi limeziba.

CHECHE NA HEWA

Plagi husema mengi. Plagi kavu baada ya kuvuta mara nyingi yaonyesha kwamba petroli haifiki kwenye silinda. Iliyolowa yaonyesha kwamba petroli imefika lakini haikuwaka. Nyeusi yenye masizi huashiria oili nyingi au hewa kidogo. Isuguliwe kwa brashi, na nafasi ya ncha zake itazamwe. Katika misumeno mingi huwa karibu nusu milimita.

Ili kupima cheche, plagi huvishwa waya wake, chuma chake kikaegemezwa kwenye chuma cha silinda mbali na tundu, kisha kamba huvutwa swichi ikiwa wazi. Jambo hili lisifanywe kabla petroli iliyomwagika haijakauka. Cheche ya buluu ikionekana, umeme ni mzima. Isipoonekana, plagi mpya ijaribiwe kwanza, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Ikishindikana, waya wa swichi uchunguzwe kama umechubuka na kugusa chuma.

Chujio la hewa nalo hujaa unga wa mbao. Likung'utwe taratibu, au lioshwe kwa maji ya sabuni ikiwa ni la namna inayooshwa, na likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Wavu mdogo ulio katika bomba la moshi pia huziba kwa masizi. Injini ya namna hiyo huwaka kwa shida na kukosa nguvu.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Ikiwa petroli ni mpya, cheche ipo na hewa yapita, lakini mashine bado imegoma, kamba ivutwe polepole. Ikienda kwa wepesi bila upinzani wowote, mgandamizo umepungua, na hapo pistoni au ringi zake zaweza kuwa zimekwisha. Kazi hiyo ni ya fundi, kama ilivyo kazi ya kufungua kabureta. Skrubu za kabureta zisichezewe na asiyezijua. Lakini mwenye mashine aliyekwisha kukagua mambo haya humweleza fundi kosa liko wapi, naye halipi fedha kwa matengenezo yasiyohitajiwa.

Jambo moja lisisahauliwe. Msumeno ukizimika katikati ya kazi, mti uliokatwa nusu usiachwe ukisimama njiani huku mwenyewe akihangaika na plagi. Watu wazuiwe kupita, na mti umaliziwe kwa shoka au msumeno wa mkono na mtu ajuaye kazi hiyo.

Na wale majirani wawili? Wakitulia na kuufungua msumeno pamoja, yaelekea watakuta tangini mafuta ya msimu uliopita, yenye harufu chachu kama rangi ya zamani. Hakuna aliyeharibu kitu. Mwenye mashine hakulimwaga tangi alipoiweka ghalani, wala hakuiacha injini izunguke mpaka ikamaliza mafuta ndani ya kabureta. Naye aliyeazima hakuuliza mafuta yale yalitiwa lini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lita moja ya mchanganyiko mpya na kitambaa safi vyatosha kuuangusha mkaratusi ule kabla ya mvua, na kuwaacha wawili hao wakigawana kuni.