Kumwendea Wakili katika Jambo la Talaka

  

Hakuna afungaye ndoa kwa nia ya kuivunja. Lakini hutokea wawili wakashindwana, wazee wakasuluhisha hata wakachoka, na mmoja wao akaazimia kumwendea wakili. Hapo wengi hukosea. Mtu huingia na hasira yake tu, akalalamika saa nzima, akatoka hajajua haki yake wala wajibu wake. Basi leo tueleze maandalizi ya safari hiyo kwa mkaao Tanzania Bara.

Kwanza, Baraza. Kwa kawaida, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, haimruhusu mtu kufungua shauri la talaka mpaka mgogoro uwe umefikishwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kwetu jambo hili si geni, kwani Sura An-Nisaa, aya ya 35, imekwisha kutuelekeza kwa waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke.

Lakini wako waume, na huenda wanatusikiliza sasa, ambao hutamka talaka usiku kwa ghadhabu, asubuhi wakaiandika, ndipo wakakumbuka Baraza. Katika kifungu cha 107, talaka ya Kiislamu inayoifanya mahakama iivunje ndoa ni ile iliyotolewa baada ya Baraza kushindwa. Aliyeitanguliza na amwambie wakili wazi, pamoja na tarehe na majina ya waliokuwapo. Vinginevyo mwanamke aweza kumaliza eda yake, akaposwa, na huku sheria ya nchi bado yamhesabu kuwa mke wa mtu.

Pili, chukua karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya Baraza, barua ya talaka ikiwa ipo, na hati au mkataba wa kununulia kiwanja. Mahari iliyobaki ni deni. Itajwe ni kiasi gani. Andika pia mali mliyochuma pamoja, na nani alitoa nini.

Hapa akina mama wengi hujidhulumu kwa kusema, "Mimi sikuchuma kitu, nilikuwa nyumbani tu." Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua, katika shauri la mwanamke wa Kiislamu aliyeachwa, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Basi miaka ya kupika, kulea na kuuguza iandikwe. Hata hivyo, mwanamke yule hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya nyumba alikuwa amezifuja.

Kwa hiyo lililo zito kuliko yote ni kumweleza wakili hata yale yanayokuelemea. Mume aliyeuza shamba kwa siri aseme. Mke aliyeondoka na fedha za biashara aseme. Usiogope kuwa siri itatembea mtaani, maana Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamzuia wakili kuyafichua aliyoambiwa na mteja wake, isipokuwa mteja mwenyewe aridhie, au awe amekusudia uovu kwa msaada huo. Ukimficha, atayasikia mara ya kwanza kwa mpinzani wako, mbele ya hakimu.

Kuhusu watoto, usimwendee wakili kwa nia ya kumkomoa mwenzako. Kifungu cha 125 huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hufaa akae na mama, isipokuwa ithibitike vingine, na maslahi ya mtoto ndiyo hutazamwa kwanza. Uliza matunzo yake yatakuwaje, nani atalipa ada ya shule.

Mwisho uliza malipo kabla ya kuinuka, ni kiasi gani na kwa kazi ipi, upewe stakabadhi. Asiye na uwezo na aulizie msaada unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yaweza kumwelekeza.