Uso wa Kuchekesha kama Kinga ya Mchoraji: Kutoka Edo hadi Katuni za Tanzania

Makala haya yanafafanua namna uso uliotiwa chumvi unavyoibua ucheshi, na jinsi uso huohuo unavyoweza kumlinda mchoraji au kumhatarisha.

Mwaka 1842 watawala wa Japani walipiga marufuku picha za waigizaji wa kabuki zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Miaka michache baadaye, Utagawa Kuniyoshi alitoa picha zilizofanana na michoro iliyokwaruzwa ukutani na mpita njia, zenye nyuso za kuchekesha. Kwa umbo, ulikuwa utani mtupu. Kwa mashabiki, nyuso hizo zilikuwa za waigizaji waliowafahamu. Ni fumbo ambalo mwerevu huligangua, na kicheko hutokana na kuligangua huko.

Katika katuni za Tanzania, hali hiyo hujitokeza kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kubuni mhusika mwenye uso wa kudumu. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na Kipanya wa Masoud Kipanya ni mifano bayana. Kwa kuwa Kipanya ni panya, ni vigumu kudai kwamba uso wake ni wa kiongozi fulani. Shutuma hubebwa na tukio na maneno, na msomaji wa Sekei, Arusha, humtambua sawasawa na yule wa Dar es Salaam.

Njia ya pili ni kukuza sura ya mtu halisi. Godfrey Mwampembwa (Gado), mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejijengea jina jijini Nairobi, ameifuata njia hii. Hapa mchoraji hana pa kujificha. Januari 2015, gazeti la The EastAfrican lilizuiwa nchini Tanzania. Sababu rasmi ilikuwa kutosajiliwa. Hata hivyo, zuio hilo limehusishwa pia na katuni ya Gado iliyomwonesha Rais Jakaya Kikwete.

Kwa hiyo, uso wa mhusika wa kubuni hauna budi kuhakikiwa kama uamuzi wa kifani wenye uzito wa kimaudhui. Mhakiki anayechambua maneno ya katuni pekee huliacha swali la msingi bila jibu: kwa nini mchoraji alichagua uso wa panya pale ambapo angeweza kuchora uso wa mkubwa?