Kidonda Kisichopona: Kuitambua Mapema Saratani ya Ngozi kwa Watu Wenye Ualbino

Masasi na Newala ziko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo, jua la adhuhuri husimama wima juu ya vichwa vya wakazi wake mara mbili kwa mwaka: katika siku za kuzunguka tarehe 20 Februari, na tena siku chache baada ya tarehe 20 Oktoba. Februari ni majira ya mvua, na mara nyingi mawingu hupunguza makali. Oktoba ni kiangazi, nayo ndiyo miezi ya kuokota korosho. Mkorosho una kivuli kizuri, lakini korosho hazianguki zote kivulini, na kuzianika hufanyika juani. Kwa watu wengi jambo hili ni la uchovu tu. Kwa mtu mwenye ualbino ni suala la miaka mingapi ataishi.

Ngozi ya binadamu hutengeneza rangi iitwayo melanini, ambayo huinyonya mionzi ya urujuanimno kabla haijafikia kiini cha seli. Mtu mwenye ualbino huzaliwa akiwa na melanini kidogo sana au hana kabisa. Chanzo ni kasoro katika jeni, na hapa Tanzania inayohusika zaidi ni ile iitwayo OCA2. Mtoto hupata hali hii pale tu anaporithi kasoro hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, hata kama wazazi wote wawili wana ngozi nyeusi. Hakuna laana wala kosa la mama katika jambo hili, na mhudumu wa afya anayemzalisha mama kama huyo anapaswa kulisema hilo siku hiyohiyo, mbele ya baba, na mbele ya mjomba ikiwa yupo.

Bila melanini, mionzi hukata na kuunganisha vibaya chembe za urithi ndani ya seli za ngozi, siku baada ya siku. Madhara hayo hujumlishwa. Mwaka 1985 Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Walikuta kwamba dalili za ngozi kuharibiwa na jua huanza kuonekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na kwamba kufikia umri wa miaka 20 mabadiliko yanayotangulia saratani yalikuwa yamewafikia wote. Mwaka 1995 kukafuata ripoti ya wagonjwa 164 wa kaskazini mwa nchi, waliofuatwa vijijini mwao na madaktari wa ngozi waliotoka Moshi, kwenye Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichofunguliwa KCMC mwaka 1992. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, Mwanza, walieleza habari za wagonjwa 64 wenye ualbino na saratani ya ngozi. Nusu yao hawakuzidi umri wa miaka 30. Nusu yao walikuwa wamekaa na ugonjwa kwa miezi 24 au zaidi kabla ya kufika hospitali, na sababu iliyotajwa zaidi ya kuchelewa ilikuwa fedha.

Miezi 24 ni misimu miwili ya korosho. Mtu huona kidonda mwezi wa sita, akasema atakwenda hospitali malipo ya mnada yakitoka. Malipo hutoka yakiwa yamechelewa, ada za shule nazo zinadai, na kidonda husubiri mwaka mwingine. Saratani haisubiri. Naona ni makosa kuuita ucheleweshaji huu ujinga. Wengi wa wagonjwa hawa walikwishafika zahanati, tena mara kadhaa, wakapewa dawa ya rangi ya zambarau au mafuta ya kuua vijidudu, kisha wakaambiwa warudi kisipopona. Walirudi, wakapewa mafuta yaleyale.

Ni kidonda cha namna gani basi kinachopaswa kumshtua mhudumu? Katika ngozi yenye ualbino, ugonjwa huanza kwa magamba madogo, makavu, yenye kukwaruza kama msasa. Mara nyingi kidole huyagundua kabla ya jicho. Hukaa sehemu zipatazo jua: mdomo wa chini, ncha za masikio, pua, mashavu, kisogo, mgongo wa mikono. Magamba hayo bado si saratani, lakini baadhi yatageuka kuwa saratani. Dalili za mgeuko ni gamba kuwa nene kama pembe, kuuma linapobonyezwa, kutoa damu kwa kuguswa kidogo, au kuchimbika kuwa kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka. Kidonda chochote cha usoni, shingoni au mikononi mwa mtu mwenye ualbino ambacho hakijafunga katika wiki 4 kichukuliwe kuwa ni saratani mpaka maabara iseme vinginevyo. Tezi za chini ya taya, za shingoni na za kwapani zipapaswe siku hiyohiyo.

Katika mfululizo wa Bugando, robo tatu ya saratani zilikuwa za seli bapa, yaani seli za tabaka la juu la ngozi. Aina hii hukua kwa kasi, hula hadi mfupa, na inaweza kufika kwenye tezi. Saratani ya seli za msingi huenda polepole zaidi na ni nadra kusafiri mwilini, ingawa ikiachwa karibu na jicho italiharibu. Melanoma ni adimu kwa wenye ualbino. Inapotokea huweza kukosa weusi unaotarajiwa, ikafanana na kinyama chekundu cha kawaida. Jicho la daktari, hata lililozoea, halitoshi kuzitenganisha aina hizi.

Hapo ndipo biopsi inapohitajika, na hospitali ya wilaya inaweza kuifanya. Ngozi hufishwa ganzi kwa lignokeini, kisha hukatwa kipande kidogo kwenye ukingo wa kidonda, mahali panapokutana ugonjwa na ngozi nzima. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchukua kipande katikati, penye nyama iliyokufa. Maabara ikapokea usaha na kujibu kwamba haikuona saratani. Kipande kitiwe katika fomalini ya asilimia 10, iwe mara kumi ya ujazo wake, kamwe kisitiwe katika spiriti wala maji ya chumvi. Jina, umri, sehemu kilipotolewa na neno «ualbino» viandikwe kwenye kichupa chenyewe. Mfuniko hubadilishwa na karatasi hupotea njiani.

Husemwa vijijini kwamba kisu huiamsha saratani. Naelewa msemo huo ulikotoka: watu wamewaona ndugu zao wakikatwa kisha wakafa. Walichokosa kuona ni kwamba ugonjwa ulikuwa umeshavuka mipaka ya kisu kabla ya siku ya upasuaji. Kuchukua kipande kidogo hakuusambazi ugonjwa huu, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa hivyo kwa utulivu kabla ya kutakiwa kutia saini.

Matibabu hutegemea hatua. Magamba ya awali hugandishwa kwa naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ambayo hupuliziwa kwa sekunde chache tu. Ngozi huvimba, hufanya lengelenge, kisha hufunga. Magamba yanapokuwa mengi hupakwa mafuta ya fluorourasili kwa wiki kadhaa. Mgonjwa aonywe mapema kwamba uso utawaka na kuwa mwekundu, la sivyo ataacha dawa siku ya tano akidhani imemdhuru. Saratani ndogo hukatwa pamoja na ukanda wa ngozi nzima wa milimita 4 hadi 6 kuizunguka. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, na wengi wa walio katika hatua hii hupona kabisa.

Saratani kubwa ni habari nyingine. Huhitaji upasuaji mpana, kupandikizwa ngozi, na mara nyingi mionzi. Kwa mkazi wa Newala hiyo ina maana ya safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na kukaa huko kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mionzi hutolewa kwa dozi ndogondogo karibu kila siku. Mgonjwa anahitaji nauli, mahali pa kulala na ndugu wa kumwangalia. Katika familia zetu uamuzi huo haupitishwi na mgonjwa peke yake. Mhudumu mwenye busara huomba mjomba na wazee waje, akawaeleza wote kwa pamoja.

Utafiti duniani unaendelea. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walionyesha kwamba nikotinamidi, aina ya vitamini B3, ikimezwa miligramu 500 mara mbili kwa siku, ilipunguza saratani mpya za ngozi kwa asilimia 23 katika mwaka mmoja. Hata hivyo washiriki wake 386 walikuwa watu waliokwishaugua saratani hizo kabla, na hawakuchaguliwa kwa sababu ya ualbino, hivyo nisingeshauri mtu yeyote aache kofia kwa kutegemea kidonge. Zipo pia dawa mpya za kuiamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani ya seli bapa iliyosambaa. Bei yake ingemeza mazao ya kijiji kizima.

Kinga yenye uhakika ni ya zamani. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, kwani kapelo huacha masikio na kisogo, yaani sehemu zilezile tunazozikata. Shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa kwa karibu hupatikana mitumbani. Kazi za shamba zifanywe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Mafuta ya kukinga jua, kama KiliSun yanayotengenezwa Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino, hupakwa kila asubuhi na kurudiwa mchana, pamoja na siku za ukungu wa Juni na Julai, kwa sababu wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Mwalimu amruhusu mtoto avae kofia paredini na amkalishe mbali na dirisha lenye jua.

Wenye ngozi nyeusi nao hawakusamehewa. Kwao saratani huweza kuzuka katika kovu la zamani la moto au kidonda cha mguu kilichodumu miaka mingi, na melanoma hupendelea nyayo. Wabanguaji wanaounguzwa vidole na mafuta ya ganda la korosho wasiogope weusi unaobaki, bali waonyeshe kidonda kisichofunga.

Aliyekwisha kutibiwa achunguzwe kila baada ya miezi 3 hadi 6, mwili wote, akiwa amevua shati na kofia. Saratani ya pili kwa kawaida hutokea mahali pengine, si kwenye kovu ambalo kila mtu analitazama.